Maarifa Yasiyoulizwa

Maarifa yana thamani gani? Swali hili huulizwa kwa namna nyingi. Mhitimu huliuliza anapokitazama cheti chake mwaka wa tatu bila ajira. Mtumishi wa umma huliuliza anapokamilisha taarifa ndefu ambayo anajua fika kwamba itafungiwa kabatini. Mzee wa kijiji huliuliza kimoyomoyo anapoona mfereji wa saruji ukijengwa mahali ambapo yeye anajua kuwa mlima huteleza kila masika. Wote watatu wanajua jambo. Wote watatu wanashuhudia shughuli ikiendelea kana kwamba hawajui lolote.

Leo ninataka kulijadili swali hili kwa kupitia mlango ambao baadhi ya wasomaji wangu watauona wa kitoto, yaani mlango wa mchezo. Ninaomba subira yenu. Mchezo mzuri ni jamii ndogo yenye sheria zake, na wakati mwingine kasoro ya jamii kubwa huonekana wazi zaidi katika ile ndogo.

Mwaka 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha mchezo ulioitwa Dungeons & Dragons. Si mchezo wa kete na ubao kama bao letu, wala si mchezo wa kompyuta. Watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja wao huwa msimulizi: yeye ndiye anayeijua nchi ya kubuni, watawala wake, mapango yake na majoka yaliyomo. Wengine kila mmoja humuigiza mhusika mmoja: shujaa wa upanga, mwizi, mganga, mchawi, msomi. Msimulizi hueleza hali ilivyo, wachezaji husema wanachotaka kufanya, na pale ambapo matokeo hayana hakika, dadu hurushwa. Anayelelewa katika utamaduni wa hadithi za jioni hatapata taabu kuuelewa mchezo huu. Ni hadithi ambayo wasikilizaji wameruhusiwa kuingia ndani na kubadili mwisho wake.

Kila mhusika ana karatasi yake, na juu ya karatasi hiyo zimeandikwa stadi zake. Zipo stadi za mwili, kama kupanda ukuta, kuogelea na kunyata. Zipo stadi za ulimi, kama kushawishi na kudanganya. Zipo pia stadi za maarifa. Toleo la tatu la mchezo huo, lililotoka mwaka 2000, liligawa maarifa katika nyanja kadhaa, zikiwemo historia, dini, jiografia, viumbe na mimea, ujenzi, na habari za mahali husika. Toleo la tano, la mwaka 2014, lilipunguza nyanja hizo. Utaratibu wenyewe ni mwepisi: mchezaji anayetaka kujua jambo hurusha dadu yenye pande 20, huongeza alama za stadi yake, na jumla ikifikia kiwango cha ugumu kilichowekwa na msimulizi, mhusika wake hukumbuka au hutambua jambo hilo. Isipofikia, hajui.

Kikundi kidogo cha wanafunzi wangu huucheza mchezo huu jioni za Jumamosi, nami nimeketi nao mara kadhaa kama mtazamaji. Katika kikao kimoja binti mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alikuwa amemuunda mhusika wake kuwa msomi. Alama zake nyingi alikuwa ameziweka katika historia na dini, na karibu hakubakiza hata moja kwa ajili ya silaha. Kwa muda wa saa tatu wenzake walivunja milango, walipigana, waliruka mashimo. Yeye alisubiri. Hatimaye walifika mbele ya lango lenye maandishi ya kale, naye akarusha dadu akiwa na matumaini. Dadu ikampendelea. Msimulizi akamsimulia habari ndefu na nzuri za mfalme aliyelijenga lango lile na vita alivyopigana na ndugu zake. Alipomaliza, shujaa wa upanga akalipiga lango teke, likafunguka, mchezo ukaendelea. Binti yule akanigeukia akacheka: “Mwalimu, mhusika wangu anajua kila kitu na hana kazi.”

Nimeibeba kauli hiyo kwa miezi kadhaa sasa. Malalamiko yake si mapya miongoni mwa wachezaji wa michezo ya aina hii duniani. Wengi huziona stadi za maarifa kuwa mapambo ya karatasi: zinagharimu alama sawa na zile za upanga, lakini mavuno yake hayaonekani. Wapo wanaohitimisha kwamba maarifa hayana faida katika mchezo. Mimi nasema hitimisho hilo limekosea mahali pa kuweka lawama. Maarifa ya binti yule hayakuwa na upungufu wowote. Kilichopungua ni kwamba mchezo ulikuwa umepangwa kwa namna ambayo hakuna kitu kilichoyategemea.

Nikiuchunguza mchezo huo, ninaona magonjwa matatu yanayoua thamani ya maarifa, na ninaomba msomaji ayakariri kwa sababu tutayakuta tena mlimani.

La kwanza ni maarifa kuwa pambo. Msomi huulizwa, hujibu, husifiwa, kisha uamuzi hufanyika vilevile ambavyo ungefanyika kama angekaa kimya. La pili ni maarifa kuachiwa bahati. Hadithi yote inahitaji wahusika wajue siri fulani, lakini kuijua siri hiyo kumefungwa ndani ya dadu moja. Dadu ikianguka vibaya, kila mtu anakwama, hata yule ambaye kwa haki alipaswa kujua. La tatu ni maarifa kufichwa. Msimulizi anayo majibu yote, lakini anaona fahari kuyazuia, kana kwamba kuwaeleza wachezaji kutampunguzia ukubwa wake.

Wabunifu wa michezo hawakukaa kimya mbele ya magonjwa haya. Mwaka 1981 kilitoka Call of Cthulhu, mchezo wa Sandy Petersen, ambamo wahusika ni wapelelezi wa kawaida wanaokabiliana na viumbe wasioweza kuuawa kwa bunduki. Humo stadi ya kutumia maktaba ina uzito mkubwa, kwa kuwa anayeingia katika nyumba ya hatari bila kusoma kwanza, mara nyingi hatoki. Baadaye Robin D. Laws wa Kanada alibuni mfumo uitwao GUMSHOE, akaweka kanuni nyepesi kabisa: mhusika mwenye stadi inayohusika akifika mahali penye ushahidi na kuitumia stadi yake, ushahidi huo anaupata. Harushi dadu. Hoja yake ni kwamba ugumu wa upelelezi hauko katika kuupata ushahidi, bali katika kuamua maana yake na hatua ya kuchukua. Kwa kanuni hizo, msomi aliyekuwa hana kazi akawa mtu ambaye kundi haliwezi kusafiri bila yeye. Akili yake ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni sheria za meza.

Sasa tupande Usangi.

Usangi iko katika milima ya Upare Kaskazini, chini ya msitu wa Kindoroko. Leo iko ndani ya Wilaya ya Mwanga, ingawa wazee wanakumbuka enzi ambazo kila shauri kubwa lilipelekwa Same, yalikokuwa makao makuu ya Wilaya ya Pare. Juu kuna ukungu, migomba na kahawa. Chini tambarare ni kukavu, na mvua huwapita watu wa huko ikiwatazama. Katika nchi ya namna hiyo, maisha yote ni hesabu ya maji. Na hesabu hiyo Wapare waliifanya kwa kitu kiitwacho ndiva.

Kwa msomaji asiyeijua, ndiva ni bwawa dogo lililochimbwa mlimani na kuunganishwa na kijito kwa mfereji. Akili iliyomo si ndogo. Maji ya kijito cha mlimani si mengi. Ukiyaacha yatiririke mchana kutwa katika mfereji wa udongo, ardhi huyanywa yote kabla hayajafika katika shamba la mbali. Basi usiku, watu wakiwa wamelala, maji hukusanywa ndivani. Asubuhi ndiva huzibuliwa, na maji yaliyokusanywa hutoka kwa pamoja, yakiwa na nguvu ya kufika mbali. Kwa kuwa yanatoka kwa pamoja, yanahitaji zamu. Na kwa kuwa yanahitaji zamu, yanahitaji watu wanaoaminiwa kuipanga, siku za kazi ya pamoja za kuondoa tope, na adhabu kwa anayeiba maji ya jirani. Ndani ya shimo moja la udongo mmewekwa elimu ya mwendo wa maji, ya udongo, ya majira, na ya tabia za binadamu.

Elinor Ostrom, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuthibitisha kwamba jamii zinazomiliki kwa pamoja maji, misitu na malisho zinaweza kuzitunza rasilimali hizo kwa kanuni walizojiwekea wenyewe, bila kusubiri dola wala tajiri. Mzee wa Usangi angemsikiliza kwa adabu, kisha angemuuliza ni nani aliyewahi kulitilia shaka jambo hilo.

Aliyelitilia shaka yupo. Ni kila mradi uliofika kijijini ukiwa umeshakamilika kwenye karatasi. Tufikirie mfano ambao wahandisi waaminifu wenyewe wanaukiri. Banio la mfereji wa asili, lililojengwa kwa mawe, udongo na magogo ya migomba, huvuja. Mgeni hulitazama akaona upotevu, na dawa ya upotevu ni saruji. Lakini maji yanayovuja pale juu hayapotei; yanarudi kijitoni na kuwa fungu la mtu wa chini. Tena mafuriko yanapokuja, banio la mawe hubomoka kwanza, mfereji ukapona, na ukarabati wake ni kazi ya siku moja ya watu wa kijiji. Ukiliziba kwa saruji bila kuuliza, umehamisha maji kutoka kwa watu wa chini ukawapa watu wa juu, na hukujua kwamba umetoa hukumu. Ulidhani umerekebisha bomba.

Sisemi saruji ni mbaya. Mahali pengine ndiyo inayofaa. Ninachosema ni kwamba ujuzi wa kuamua wapi inafaa na wapi haifai upo kijijini, umeandikwa juu ya karatasi ya mhusika fulani aliyeketi kimya nyuma ya mkutano, na hakuna aliyemtaka arushe dadu yake.

Hapa mtumishi wa umma anayenisoma atanikumbusha kwamba tunao utaratibu wa ushirikishwaji. Ni kweli. Tunayo mikutano mikuu ya vijiji iliyowekwa na sheria ya serikali za mitaa ya 1982. Tunao mpango wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao unataka wananchi waibue wenyewe vipaumbele vyao. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatambua vyama vya watumia maji, na Usangi imo ndani ya Bonde la Pangani lenye bodi yake. Kwenye karatasi, stadi zote zimeandikwa. Lakini turudi kwa yule binti na lango lake. Yeye pia alishirikishwa. Aliulizwa, akajibu kwa ufasaha, akapongezwa. Kisha lango likapigwa teke. Ushirikishwaji ambao hauwezi kubadili uamuzi ni ule ugonjwa wa kwanza, maarifa kuwa pambo, nao ni mbaya zaidi kuliko kutoulizwa kabisa, kwa sababu unamfundisha mwenye maarifa kwamba kunena kwake ni burudani. Mtu akishafundishwa hivyo mara tatu, mara ya nne hatakuja mkutanoni. Atatuma mtoto akaandike jina katika karatasi ya mahudhurio.

Upare unayo kumbukumbu nzito ya kile kinachotokea watawala wanapodhani kwamba wanaweza kuendesha mchezo bila maarifa ya wachezaji. Katika miaka ya vita vikuu vya pili, utawala wa Waingereza pamoja na watemi walianzisha kodi iliyopewa jina la mbiru, jina lililochukuliwa kutoka katika desturi ya zamani ya kumtolea mtawala. Kodi ya kichwa ilikuwepo tayari na kila mtu aliijua kiasi chake. Mbiru ilikuwa tofauti: ilitaka mali ya kila mtu ikadiriwe, na kila mmoja atozwe kwa kadiri ya mali hiyo.

Kwa mtu wa ofisini jambo hilo lilionekana kuwa la haki, pengine hata la kimaendeleo: mwenye nacho alipe zaidi. Lakini kukadiria ni kujua, na waliokadiria hawakujua. Katika nchi ya Upare ng'ombe aliye zizini kwangu huenda ni wa shemeji yangu, na wangu yuko kwa rafiki yangu wa tambarare. Shamba ninalolima huenda ni la ukoo, na mavuno yake yana wenyewe sita. Mali haikuwa kitu cha kuhesabiwa kwa kutazama ua wa mtu. Ilikuwa mtandao wa ahadi, na mtandao huo aliujua aliyeishi ndani yake tu. Mkadiriaji aliyeshindwa kuujua alibaki na mawili: kukisia, au kupendelea. Mkadiriwa alikuwa amegeuzwa kuwa mtu anayetegemea dadu ya mwingine.

Mwanzoni mwa 1945 maelfu ya watu kutoka pande zote za Upare waliteremka milimani wakaenda Same kudai kodi hiyo ifutwe. Hawakwenda na mikuki. Walikwenda wakakaa. Walipeana zamu, wakapelekeana chakula, na mwalimu Paulo Mashambo akawa miongoni mwa sauti zao kuu. Hapa Usangi kwenyewe, mwaka 1946, wanawake nao walitoka hadharani kuukabili utawala, kwa kuwa mashamba na nyumba ndio waliokuwa wakibeba gharama ya shauri lisilokwisha. Kabla ya muongo ule kumalizika, mbiru ilikuwa imeondolewa.

Ninaomba wanaharakati walitazame tukio hili kwa jicho la pili. Tumezoea kulisimulia kama habari ya ushujaa, na ni ya ushujaa kweli. Lakini jiulize: watu wanaokaa mbali na nyumbani kwa muda mrefu namna hiyo, wakilishana na kubadilishana zamu bila kusambaratika, walijifunza wapi? Hapakuwa na chama cha siasa cha kuwafunza. Jibu langu, na ni tafsiri yangu, ni kwamba watu waliozoea kupanga zamu ya maji ya ndiva walikwishajua kupanga zamu ya kukaa Same. Maarifa yaliyodharauliwa na mkadiriaji ndiyo yaliyomshinda mkadiriaji.

Kumbukumbu hizi tunazo leo kwa sababu mtu mmoja aliuliza. Profesa Isaria Kimambo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizunguka akiwahoji wazee, na mwaka 1969 akachapisha historia ya kisiasa ya Wapare, kisha 1971 kitabu kidogo kuhusu Mbiru yenyewe. Kabla yake, yapo mengi ambayo chuo kikuu kisingeyahesabu kuwa historia, kwa kuwa hayakuandikwa. Wazee wale hawakupata akili mpya siku profesa alipobisha hodi. Walichopata ni meza ambayo juu yake neno lao lilikuwa na uzito.

Hata hivyo nisipopima upande wa pili nitakuwa nimewadanganya wanafunzi wangu. Katika historia hiyohiyo ya Upare Kaskazini tunasimuliwa habari za Washana wa Ugweno, ukoo wa wahunzi. Wao walijua kuyeyusha chuma na kufua majembe na mikuki, na kwa ujuzi huo walitawala, mpaka ukoo wa Wasuya ulipowapindua. Maarifa yaliyo mikononi mwa wachache ni mamlaka, na mamlaka huvuta wivu. Baada ya mapinduzi uhunzi uliendelea, lakini kutawala kukawa kwa wengine. Funzo ninalolichukua ni kwamba maarifa yanayofichwa hayamlindi mwenye kuyaficha milele. Na tuseme kweli: wapo wazee wetu wanaoficha. Yupo anayejua mpaka wa msitu wa mizimu, dawa ya mti fulani, au njia ya maji ya chini ya ardhi, naye anasubiri kuombwa kwa heshima ambayo haitakuja, mpaka anazikwa nayo. Huo ndio ugonjwa wa tatu, na haukuletwa na wakoloni.

Wala si kila lisemwalo na mzee ni maarifa. Majira yamebadilika. Mzee anayesema mvua za vuli huanza tarehe fulani anasema kweli ya ujana wake, na mkulima atakayemfuata bila kupima anaweza kupoteza mbegu. Tuna methali isemayo kwamba penye wazee haliharibiki neno. Mimi naiamini, lakini sidhani inamaanisha kwamba penye wazee halipimwi neno. Mchezo wa mezani una busara hapa. Stadi ya maarifa haimpi mhusika haki ya kubuni ukweli. Inampa haki ya kujaribu, na dunia ya mchezo humjibu. Mhandisi mwenye kipimo chake cha maji na mzee mwenye kumbukumbu zake wanapaswa kuwekwa mbele ya kijito kimoja, kila mmoja amjaribu mwenzake. Asiyekubali kupimwa, awe na shahada au mvi, anaomba utii. Hajaleta maarifa.

Nigeukie sasa wanafunzi, kwa kuwa kauli iliyonisukuma kuandika ilitoka kwao. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba shule zetu zinamfundisha mtoto kuamini kuwa maarifa yote yenye thamani yamo vitabuni au yanatoka kwa waliosoma, na kwamba wazee wake hawana cha kumfunza. Ni zaidi ya nusu karne. Mitaala imebadilika mara kadhaa, na ile inayotekelezwa sasa inasisitiza ujuzi na umahiri. Ninaiunga mkono nia hiyo. Lakini mtihani wetu bado ni dadu moja. Miaka minne ya masomo huwekwa juu ya karatasi ya saa tatu, na yule aliyeugua asubuhi hiyo huandikwa kuwa hajui. Huo ni ugonjwa wa pili. Aidha, tunapima kama mwanafunzi anakumbuka jibu; ni mara chache tunapima atafanya nini akishalipata. Robin D. Laws, mbunifu wa michezo, alielewa jambo ambalo baraza zima la mitihani linaweza kujifunza kwake: mpe mtu ushahidi, kisha umpime kwa namna anavyoufikiria.

Kwa hiyo mhitimu anayeuliza cheti chake kina thamani gani asikimbilie kujilaumu, wala asikimbilie kuidharau elimu. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Methali hiyo tumezoea kumtupia msomi, tukimwambia atende. Ni sawa. Lakini amali huhitaji uwanja, na uwanja hautengenezwi na msomi peke yake. Kijana wa Usangi aliyesoma kilimo, akarudi nyumbani akakuta zao la kahawa linaamuliwa na watu asiowajua, maji yanagawiwa kwa kibali kilichoandikwa mjini, na kikao cha kijiji kinafungwa kabla hajapewa nafasi ya kusema, huyo hana upungufu wa stadi. Ameketi katika meza isiyoitegemea stadi yake.

Ninayo mapendekezo machache kwa watumishi wa umma, hasa wale wa halmashauri na kata, kwa kuwa wao ndio wasimulizi wa mchezo huu wanaokaa karibu zaidi na wachezaji.

Kwanza, mradi uende kijijini ukiwa swali. Kabla ya mchoro wa mwisho kutiwa saini, iwepo siku ambapo mhandisi anatembea mfereji mzima, kutoka banioni hadi shamba la mwisho, pamoja na watu wanaoutumia, na hasa wale wa mkiani, ambao ndio huumia kwanza na husikika mwisho. Wanawake wawemo, maana mara nyingi wao ndio wanaojua kisima kipi hukauka lini.

Pili, muhtasari wa kikao uwe na sehemu moja mpya: ni kitu gani kimebadilika katika mpango kutokana na yaliyosemwa na wananchi? Kama jibu ni hakuna, iandikwe hakuna, na sababu yake iandikwe pia. Aibu ya kuandika neno hilo mara kwa mara itafanya kazi ambayo semina 10 za ushirikishwaji hazijaifanya.

Tatu, maarifa yaliyopatikana yaandikwe kwa jina la aliyeyatoa, yahifadhiwe ofisi ya kijiji, si kwenye kompyuta ya mtaalamu anayehamishwa mwakani. Afisa mpya akifika, asianze kurusha dadu upya kwa jambo ambalo mtangulizi wake alikwishalijua.

Na wanaharakati nao wasidhani kwamba kazi yao ni kupaza sauti pekee. Waliokaa Same mwaka 1945 walishinda kwa sababu walijua walichokuwa wakikikataa na walijua kukaa pamoja. Kelele bila maarifa ni upanga wa yule shujaa: hufungua lango, lakini hauwezi kusoma kilichoandikwa juu yake. Huenda yalikuwa maandishi ya kuwaonya wasiingie.

Yule binti, nimeambiwa, bado anacheza, na bado mhusika wake ni msomi. Wenzake walikubaliana kubadili kanuni: msomi akisoma maandishi, lazima maandishi hayo yawe na jambo ambalo kundi litalihitaji kabla kikao hakijaisha. Ilikuwa kanuni ya sentensi moja, waliyoiweka wenyewe, bila ruhusa ya mtu. Ninajiuliza ni vijiji vingapi, ofisi ngapi na madarasa mangapi yanayoweza kuiweka kanuni kama hiyo kabla ya mwisho wa mwaka huu wa fedha, na ni nani hasa tunayesubiri atupe ruhusa.